MUULIZE NESI: "Ndivyo walivyo" siyo majibu ya hospitali

Mwezi huu maswali ya watoto wa Down yamenijia mengi kuliko kawaida, nadhani ni ile tarehe 21 mwezi wa 3 ambayo ni siku yao dunia nzima, Umoja wa Mataifa wanaiadhimisha tangu 2012, na tarehe yenyewe haikuokotwa tu, maana yake ni kromosomu (vile vinyuzi vya urithi ndani ya seli) namba 21 zikiwa 3 badala ya mbili. Nimechagua maswali haya kwasababu watu ni tofauti kabisa lakini karibu kila mmoja ameshaambiwa na mtu, tena wengine na mtu mwenye koti jeupe, kwamba "watoto hawa ndivyo walivyo". Mimi nimekaa wodi ya watoto hapa Moshi miaka mingi na hiyo sentensi siipendi hata kidogo, kuna watoto imewachelewesha kupata dawa ya kumeza tu. Haya twende.

*

*Shikamoo anti. Nina miaka 24 nakaa Pasua, nimejifungua mtoto wangu wa kwanza wa kike ana wiki tano sasa. Siku ya pili nesi alimwangalia viganja na macho akasema huyu ni wa Down, watoto hawa ndivyo walivyo utamzoea, akahamia kitanda kingine. Nililia mpk maziwa yakapungua. Baadae daktari aliniandikia nikampime moyo eko lkn mtoto hana shida yoyote, hakohoi, hasumbui, ananyonya kidogo analala. Hivi ni lazima? Na mama mkwe anasema kwao hakuna kitu kama hicho, eti huenda nilimkosea mtu wakati wa mimba. Pia nasikia inawapata wamama wakubwa, mbona mimi?* (Mama wa Pasua)

Marahaba mdogo wangu. Na hongera sana kwa mtoto, maana nimesoma barua yako mara mbili sijaona mahali ambapo kuna mtu amekupa hongera. Natumaini hata mtori unaletewa.

Nianze na mama mkwe tummalize. Kila mtu ana kromosomu 46 kwenye kila seli, zimekaa jozi jozi, moja kutoka kwa mama moja kutoka kwa baba. Mtoto wa Down mara nyingi ana 47, ile namba 21 ziko tatu badala ya mbili. Hilo linatokea wakati yai au mbegu inatengenezwa, jozi inagoma kuachana, yaani limeshatokea kabla hata hujajua una mimba, kwahiyo hakuna mtu uliyemkosea wala chakula ulichokula wala mguu ulioruka. Daktari wa Uingereza John Langdon Down aliwaelezea watoto hawa mwaka 1866, na mwaka 1959 kule Paris ndo ikaonekana ni kromosomu ya ziada. Kwahiyo maneno ya kulogwa yamechelewa miaka zaidi ya sitini. Mwambie kwa upole, ni mama mkwe.

Kuhusu umri ni kweli na siyo kweli. Mama wa miaka 35 uwezekano ni karibu 1 kati ya 350, wa miaka 40 ni karibu 1 kati ya 100, mama wa umri wako ni chini sana, 1 kati ya elfu moja na kitu. Ila wanaojifungua wengi ni vijana, kwahiyo ukihesabu watoto wenyewe utakuta wengi wao wana mama vijana kama wewe.

Sasa eko, yaani kile kipimo cha kuutazama moyo kwa mawimbi ya sauti. Ndio ni lazima, na usisubiri akohoe. Karibu nusu ya watoto wa Down wanazaliwa na moyo wenye hitilafu, mara nyingi tundu katikati ya vyumba vya moyo, na wengi wao wiki za mwanzo wanaonekana wazima kabisa, hata daktari akiweka kipimo cha masikioni hasikii mlio. Sababu ni kwamba mtoto mchanga presha ya mapafu bado iko juu, kwahiyo damu haikimbii kwa nguvu kupita kwenye lile tundu. Presha ikishashuka ndo damu inaanza kumwagika kwa wingi kwenye mapafu, na ikiendelea miezi na miezi mishipa ya mapafu inakakamaa, ikifika hapo hata daktari bingwa wa upasuaji anakuambia tumechelewa. Tundu kubwa linatakiwa lizibwe mapema, mara nyingi ndani ya miezi 6 hivi ya kwanza. Ndo maana wanataka eko mwezi wa kwanza na wewe umeshaupita kidogo, nenda wiki hii. Hospitali ya KCMC hapa Moshi wanapima, na ikionekana kuna cha kupasua rufaa ni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, watoto wanapasuliwa na wanarudi kwao.

Na hilo la "ananyonya kidogo analala" nimeliwekea alama nyekundu. Linaweza kuwa ni misuli tu, watoto hawa wanakuwa walegevu, mdomo haubani vizuri wanachoka haraka. Linaweza pia kuwa ni moyo. Leo akinyonya mwangalie paji la uso, linatoka jasho? Anaachia ziwa kila baada ya muda mfupi anahema? Mfunue kifua akiwa amelala ametulia, hesabu pumzi dakika nzima kwa saa ya simu, zikizidi 60, au ukaona midomo inakuwa ya bluu, usisubiri eko, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Kama ni misuli kuna namna ya kumshika. Ziwa likae kwenye kiganja chako, vidole vitatu vya mwisho vimelibeba kwa chini, alafu kidole gumba na cha shahada vinasogea mbele vinashika mashavu yake huku na huku, kidevu kimelalia pale katikati. Taya likipata pa kuegemea anabana. Muamshe kila baada ya masaa mawili au matatu hata kama amelala vizuri, mfute uso kwa kitambaa kibichi, mvue soksi. Maziwa yatarudi, ukikamua baada ya kunyonyesha ukampa kwa kikombe yatarudi haraka zaidi. Apimwe uzito kila wiki mpaka muone kadi inapanda.

Siku ya eko omba pia damu ya thairoidi, ile tezi ya shingoni, kipimo kinaitwa TSH, na picha kamili ya damu, na macho yaangaliwe kama kuna mtoto wa jicho. Akitapika kijani au tumbo likajaa na choo hakitoki ni dharura, kuna wanaozaliwa na utumbo ulioziba. Na wiki ijayo anafikisha wiki 6, asikose chanjo hata moja, ile ya nimonia kwake ni muhimu kuliko kwa mtoto mwingine yeyote hapo mtaani.

Hela. Sera inasema watoto chini ya miaka mitano wanatibiwa bure vituo vya serikali, lakini wote tunajua ukifika dirishani mambo yanabadilika. Muulize afisa ustawi wa jamii wa hospitali KABLA hujaanza kukopa, ofisi yake ipo na kazi yake ndo hiyo, watu wengi wanaipita mlangoni wanadhani ni ya yatima tu.

*

*Habari nesi. Mwanangu ana miaka mitatu na nusu, ana Down, moyo ulipimwa hauna tatizo tukashukuru Mungu. Ila haongei hata "baba", amenenepa, choo kigumu, baridi inamsumbua sana yaani huku Ngaramtoni tunamvalisha masweta mawili, na usiku anakoroma kama mzee mpk mama yake anahamia chumba kingine. Tumeuliza hospitali tukaambiwa hao ndivyo walivyo tuwe wavumilivu. Je ataongea?* (Baba wa Ngaramtoni, Arusha)

Kaka, wewe umeandika vipimo vitatu kwenye barua moja bila kujua.

Kunenepa, choo kigumu na baridi, hapo mtu wa kwanza kushikwa ni thairoidi. Hiyo tezi ya shingoni kwa watoto wa Down inalegea mara nyingi sana, wakati mwingine tangu kuzaliwa, wakati mwingine baadae kimya kimya, ndo maana TSH inapimwa akizaliwa, miezi 6, mwaka mmoja, alafu kila mwaka maisha yake yote. Tezi ikikutwa imelegea dawa ni levothairoksini, kidonge kila asubuhi tumbo likiwa tupu, kinasagwa kwenye maji kidogo. Mtoto anachangamka mpaka majirani wanauliza mmempeleka wapi. Tatizo ni kwamba dalili za thairoidi zinafanana na vile watu wanavyodhani mtoto wa Down "anatakiwa" kuwa, mzito, mpole, anasinzia, kwahiyo hakuna anayeshtuka.

Pili masikio. Njia ya sikio ni nyembamba, nta inaziba, na nyuma ya ngoma ya sikio yanakaa majimaji miezi mingi bila maumivu wala usaha. Watoto wengi wa Down wana kusikia pungufu kwa kiwango fulani. Sasa asiyesikia vizuri ataiga maneno kutoka wapi? Jaribu hivi nyumbani, akiwa anacheza amekupa mgongo, bila kukanyaga sakafu kwa kishindo maana hiyo anaihisi kwa miguu, fungua taratibu kitu anachokijua, karatasi ya pipi au mfuko wa biskuti, alafu muite kwa sauti ya kawaida. Akigeukia pipi mara moja na mara tatu asigeuke hujajua kitu bado, ila asipogeuka kabisa umeshajua. Akigeuka pia bado anatakiwa apimwe kitaalamu na daktari wa masikio pua na koo, usiishie kwenye pipi yangu. Wakikuta maji wanasubiri kidogo, yasipokauka wanaweka kijibomba kidogo kwenye ngoma ya sikio, au kifaa cha kusikia.

Tatu kukoroma. Hili nalo watu wanacheka. Kaa nae usiku mmoja usikilize, ukoromaji wa hatari una mapumziko, anakoroma, kimyaa, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, alafu anashtuka kama amekabwa anaanza tena. Wengine wanalala wamekaa au kichwa wamekipindua nyuma. Hizo ni tonsili na nyama za puani, na njia yake ya hewa ni ndogo toka mwanzo. Mrekodi kwa simu umpelekee daktari hiyo video, inasaidia kuliko maelezo ya nusu saa. Usiku mtoto akikosa oksijeni mchana hana hamu ya kujifunza chochote, na mapafu na moyo navyo vinaumia. Akipangiwa operesheni mwambie daktari wa usingizi wazi kwamba ana Down, shingo ishikwe kwa uangalifu, nitaeleza chini kwa bibi.

Ataongea? Wengi wanaongea, ila wanachelewa, na wanaelewa mengi kuliko wanavyoweza kutamka, ndo maana wanarusha vitu kwa hasira. Mfundishe ishara za mikono sasa hivi, maji, nataka, bado, basi. Kuna wazazi wanaogopa akizoea mikono hataongea, sio kweli, ishara inamvusha mpaka mdomo ukomae. Na mtafutieni mtaalamu wa mazoezi, KCMC hapa Moshi wanafundisha wataalamu wa tiba kwa vitendo kwahiyo wapo, wao watakuonyesha mazoezi ya mdomo na ya vidole ambayo mtafanya nyumbani kila siku wakati wa kula na kuoga. Mara moja kwa mwezi hospitali peke yake haifanyi kitu.

*

*Anti kuna mtu hapa soko la Kilombero anauza virutubisho vya kusafisha ubongo wa watoto wa Down, dozi ya miezi mitatu, anasema kromosomu inarudi sawa. Nichukue?* (Mdogo wako, Arusha)

Hapana. Hakuna dawa inayotoa kromosomu kwenye seli, awe wa Kilombero awe wa Marekani. Hiyo hela ni TSH na kipimo cha masikio na nauli ya kwenda na kurudi.

*

*Nesi mwanangu, mimi ni bibi wa Marangu, namlea mjukuu wangu wa kiume ana miaka 9, mama yake yuko Dar anatafuta. Mtoto ana hiyo Down lakini ni mchangamfu sana, kazi yake ni kupiga sarakasi kwenye nyasi za ng'ombe. Shule walimrudisha wakasema hawana mwalimu wake. Naomba unishauri, mimi nimeshazeeka.* (Bibi wa Marangu)

Shikamoo bibi, na asante kwa kulea.

Sarakasi ya kichwa chini tuipunguze bibi, ile ya kujiviringisha na kusimama kwa kichwa. Watoto hawa kamba zinazoshika mifupa ni legevu mwili mzima, na wachache ile mifupa miwili ya juu kabisa ya shingo inacheza kupita kiasi, ikiteleza inabana uti wa mgongo. Wengi haiwatokei, kwahiyo asifungiwe ndani, akimbie, acheze mpira, achunge, apande na wewe kwenda kanisani. Ila ukiona shingo imepinda au inamuuma, au ameanza kutembea kama amelewa, mikono inaangusha vitu alivyokuwa anashika vizuri, au mkojo unampita wakati alishazoea choo, hiyo ni safari ya hospitali leo leo, na asipande bodaboda kwenye ile barabara ya mashimo, tafuta gari, shingo isitikiswe.

Mpeleke pia macho, wengi wanahitaji miwani na hawawezi kukuambia hawaoni ubaoni. Na meno, fizi zao zinaoza haraka, mswaki usimuachie peke yake.

Shule. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya kusoma, na shule ya kawaida haitakiwi kumkataa kwasababu ya ulemavu. Usigombane na mwalimu mkuu bibi, pita juu yake. Nenda na mtu anayejua kuandika vizuri hadi halmashauri, mtafute afisa elimu maalum, muulize kitengo cha karibu kiko shule gani, na uondoke na karatasi yenye muhuri. Karatasi yenye muhuri hapa kwetu inafungua milango ambayo kilio hakifungui. Na akianza shule mwambie mwalimu amkalishe mbele, amuonyeshe picha na vitu, maana wanakamata kwa macho kuliko kwa maneno marefu.

Jambo moja ambalo hukuuliza. Ana miaka 9, anakaribia ukubwa, na ni mchangamfu anamkumbatia kila mtu. Mfundishe sasa kuwa kumkumbatia ni kwa watu wa nyumbani, wengine tunawapa mkono, na mtu akimgusa sehemu za siri aseme hata kama kapewa pipi. Watu wabaya wanachagua watoto ambao wanadhani hawatasema.

*

*Dada, mtoto wetu wa kwanza ana Down, tunataka wa pili. Itarudia?* (Mama na Baba wa Himo)

Kwa wengi uwezekano ni mdogo, karibu 1 kati ya 100, au ule wa umri wa mama kama huo ni mkubwa zaidi. Ila kuna aina moja, watoto kama 3 au 4 kati ya 100, ambapo kipande cha kromosomu 21 kimegandamana na kromosomu nyingine, na hiyo inaweza kuwa imetoka kwa mzazi ambaye yeye mwenyewe mzima kabisa. Mama akiwa ndo mbebaji uwezekano wa kurudia mara nyingi ni 10 mpaka 15 kati ya 100. Kwa sura ya mtoto huwezi kutofautisha. Kwahiyo kabla ya mimba muulizeni daktari wa watoto kuhusu kipimo cha damu cha kromosomu kwa mtoto, atawaambia sampuli inapelekwa wapi na bei yake, mkikuta ni hiyo aina ndo na nyie wazazi mnapimwa.

*

*Shkamoo. Kaka yangu ana Down ana miaka 43, tunakaa nae Sakina. Alikuwa anafagia duka, anapanga soda kwenye friji, anajua kila mteja. Toka mwaka jana anasahau, amekaa kimya, juzi alipotea njia ya kwenda kanisani ambayo anaijua toka mdogo. Mtu wa hospitali akasema amezeeka, hawa hawaishi sana ndivyo walivyo.* (Mdogo mtu, Sakina)

Marahaba. "Hawaishi sana" ni habari ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kule Marekani wastani ulikuwa kama miaka 25, leo kwenye nchi zenye matibabu wanafika karibu 60, na kilichobadilika ni hayo hayo ninayosema hapa, moyo kupasuliwa mapema, na watu kulelewa nyumbani badala ya kufungiwa kwenye mabweni.

Sitakuficha, ugonjwa wa kusahau, Alzheimer, unawapata mapema kuliko watu wengine, dalili zinaweza kuanza miaka ya 40 na kitu. Jeni ya ile protini inayojikusanya kwenye ubongo iko kwenye hiyo hiyo kromosomu 21, kwahiyo wao wanaitengeneza kwa wingi maisha yote. Akianza na kifafa ukubwani wakati hajawahi kuwa nacho, hiyo nayo ni dalili.

Lakini hilo ndo jibu la mwisho sio la kwanza. Thairoidi ikishuka mtu anasahau na ananyamaza. Masikio yakiziba na nta anaonekana amechanganyikiwa, kumbe hasikii. Mtoto wa jicho unampoteza mtu njia. Kukoroma kwa kukata pumzi vilevile. Na kuna huzuni, kuna mtu amefariki au amehama hapo nyumbani mwaka jana? Wao wanaomboleza kimya, miezi mingi baada ya watu kuondoa turubai, na sonona inatibika. Vyote hivyo vikipimwa vikakutwa sawa ndo tuzungumze Alzheimer.

Aende na mtu aliyekaa nae muda mrefu, maana daktari atauliza zamani alikuwa anaweza nini na sasa anashindwa nini. Muandikie kwenye karatasi kama ulivyoniandikia mimi, duka, soda, friji, wateja, njia ya kanisani na ni lini kila kimoja kilianza kupotea. Na wakati mnasubiri majibu mshonee namba ya simu yako kwenye kola ya shati, ndani.